Barua ya wazi kwa madiwani wa Kibiti: Insulini ikae kwenye jokofu la chanjo

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya.

YAH: KUTUNZA INSULINI KATIKA ZAHANATI ZA DELTA YA RUFIJI

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu wananchi wa kata nyingi mnazoziwakilisha, na sehemu kubwa ya utatuzi wake iko mikononi mwenu. Naomba insulini ya wagonjwa wa kisukari wanaoishi delta itunzwe kwenye majokofu ya chanjo ya zahanati zilizo karibu nao, na ombi hili liandikwe ndani ya Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai.

Ndugu zangu wa visiwani wakija kliniki hufikia kwangu, hapa Kibiti mjini. Nimeona wanavyoibeba dawa hiyo. Kuna anayeifunga kwenye kitambaa kilicholoweshwa maji, kuna anayeitia kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, na kuna anayeiweka mfukoni kama kitu kingine chochote kwa kuwa hakuna aliyempa maelezo. Mtu wa Msala, Kiongoroni au Maparoni hasafiri kwa saa anayoitaka. Anasafiri maji yanapomruhusu. Yakipwa, mkondo unabaki tope na mizizi ya mikoko, na boti inasubiri yajae. Akishuka boti bado ana barabara mbele yake, na masika barabara hiyo ina mambo yake. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani na siku za kazi zilizopotea vinaweza kuzidi bei ya dawa yenyewe. Safari hiyo hairudiwi kila wiki. Anayeifanya huomba apewe chupa za miezi miwili au mitatu kwa mkupuo, na hapo ndipo tatizo la joto linapoanza.

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto kati ya 2 na 8. Ikishafunguliwa inaweza kukaa kwenye joto la kawaida la nyumba, lisilozidi nyuzi 25 hadi 30, kwa takriban wiki nne. Waheshimiwa, mnaijua Januari ya delta na mnaijua Machi. Nyumba ya bati mchana haina nyuzi 30, ina zaidi. Chupa moja inayotumika inaweza kuvumilia, lakini chupa mbili za akiba zilizokaa miezi miwili juu ya kabati hazina uhakika. Mgonjwa anajidunga, sukari haishuki, anaongeza dozi, nayo haishuki. Kisha anapata chupa mpya yenye nguvu zake zote, anajidunga dozi ileile aliyoizoea, na sukari inaanguka hadi anazimia shambani. Watu wakimwona hivyo husema sindano ndiyo imemdhuru, na mwenzake aliyekuwa anashawishiwa kuanza sindano anakataa kabisa.

Kuna hatari nyingine ambayo wataalamu wa bara huenda wasiifikirie, nayo ni barafu. Wanunuzi wa samaki na kamba huleta barafu, na mgonjwa aliyeambiwa "dawa ikae baridi" huenda kuomba kibonge akailaza chupa juu yake. Insulini ikiganda imeharibika. Ikiyeyuka tena inaweza kuonekana nzima machoni, lakini haina kazi. Nimeona mtu akifanya bidii hiyo kwa nia njema kabisa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba baridi iliyopita kiasi ni mbaya kuliko joto la kadiri.

Naomba nieleze kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa kuwa wengi huuweka wote kwenye kapu moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 wana kisukari. Wengi wao wana aina ya pili, na wanaweza kuishi kwa vidonge, mlo na kazi za mwili. Baadhi hufika mahali vidonge vikashindwa. Lakini wapo wenye aina ya kwanza, mara nyingi watoto na vijana, ambao mwili wao hautengenezi insulini, au hutengeneza kidogo mno. Mwenye aina hii hana kidonge cha kumsaidia. Akikosa sindano kwa siku chache, damu yake hujaa asidi, hali ambayo madaktari huiita ketoasidosi. Hutapika, huhema kwa nguvu, hupoteza fahamu na hufa. Watafiti wa Muhimbili, akiwemo Daktari Donald McLarty, waliwafuatilia wagonjwa 1,250 waliosajiliwa Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987. Miongoni mwa waliohitaji insulini na wakafia hospitalini, wengi waliuawa na ketoasidosi au maambukizi. Hao walikuwa Dar es Salaam, mjini, karibu na hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Na dawa yenyewe si mpya. Januari 1922, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa, alidungwa insulini na akaishi miaka 13 zaidi. Mwaka uliofuata wagunduzi waliuza hataza yao kwa chuo kikuu chao kwa dola moja kila mmoja, ili dawa imfikie kila mwenye kuihitaji. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba insulini ya kawaida ya binadamu inaweza kutengenezwa na kuuzwa kwa faida kwa dola 48 hadi 71 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mtoto wa Salale anayekufa leo kwa kukosa insulini anakufa kwa kukosa kitu ambacho dunia inacho kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa nirudi kwenye jokofu.

Zahanati inayochanja watoto ina jokofu la chanjo, na mahali pasipo na umeme wa gridi jokofu hilo huendeshwa kwa sola. Joto lake ni lilelile, nyuzi 2 hadi 8. Muuguzi hulisoma mara mbili kwa siku na kuliandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Chanjo ya pentavalenti nayo huharibika ikiganda, kwa hiyo muuguzi huyo amekwisha kufundishwa asiiweke karibu na ukuta wa barafu, na jinsi ya kuandaa vibarafu vya kisanduku cha chanjo ili visiigandishe. Anayeweza kutunza pentavalenti anaweza kutunza insulini. Na boti inayopeleka chanjo visiwani inaweza kubeba kisanduku kimoja zaidi.

Najua swali litakalofuata: je, si hatari kuchanganya insulini na chanjo? Ni hatari kweli kama zitachanganywa. Chupa zote ni ndogo, na mtoto akidungwa insulini kwa kudhaniwa ni chanjo anaweza kufa. Siichukulii hofu hiyo kwa wepesi. Ndiyo maana insulini inatakiwa kukaa ndani ya kiboksi chake chenye kifuniko, kwenye rafu yake, kikiwa na maandishi makubwa na jina la kila mgonjwa, na kutolewa kwa mgonjwa mwenyewe tu au mlezi wake. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja wakihimiza dawa nyingine zinazohitaji ubaridi ziingizwe kwenye mnyororo baridi wa chanjo, kwa masharti ya kuzitenganisha vizuri. Tunachoomba hakivunji kanuni za dunia.

Swali la pili litakuwa la ngazi. Mtaambiwa kwamba zahanati si mahali pa insulini, na kwamba dawa hiyo ni ya ngazi za juu. Ninakubali kwamba mgonjwa aanzishiwe sindano na daktari, apangiwe dozi na daktari, na arudi kwa daktari mara kwa mara. Siombi zahanati ianzishe mtu insulini. Naomba iwe ghala lake dogo. Chupa anayoitumia aondoke nayo nyumbani. Chupa zake za akiba, zilizoandikwa jina lake na kuandikiwa na daktari wa ngazi ya juu, zibaki zahanati, azifuate moja moja kila mwezi. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtu anayetumia yuniti 30 kwa siku huimaliza kwa siku 33, karibu sawa na muda ambao chupa iliyofunguliwa inaruhusiwa kutumika. Hesabu inakubaliana yenyewe.

Kwa chupa hiyo moja ya nyumbani kuna msaada mwingine ambao hauhitaji bajeti. Watafiti wamekwisha kupima mitungi ya udongo katika nchi za joto, mtungi mdogo ndani ya mkubwa, mchanga wenye maji katikati, na wakaona inashusha joto kiasi cha kuifaa insulini. Niseme ukweli: hewa ya pwani yetu ina unyevunyevu, na maji hayakauki upesi kwenye udongo kama yanavyokauka Dodoma, hivyo mtungi wa delta utapoza nyuzi chache tu. Lakini nyuzi hizo chache, kivulini, mbali na jiko na bati, zina maana kubwa kwa chupa ya mwezi mmoja. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya utafiti uliopima joto halisi la nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, kambi ya Dadaab nchini Kenya, ambalo hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa kwenye joto la namna hiyo kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Naona mwongozo wa nyumba za delta ndani ya matokeo haya: chupa moja tu, mwezi mmoja tu, ndani ya mtungi. Akiba isikae nyumbani.

Kuna watu wetu ambao hata nyumbani hawapo. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani na kukaa kwenye madungu kulinda ndege na nguruwe, wiki hata miezi. Serikali iliwahi kuwahamisha watu wa bonde la Rufiji kuwaleta juu karibu na huduma, katika Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, na bado bonde liliendelea kulimwa, kwa sababu rutuba iko bondeni. Mgonjwa wa kisukari naye hulima. Akienda dunguni anahitaji kuondoka na sindano, mtungi wake, na sukari au soda ya kumwokoa sukari ikishuka, na anahitaji mtu mmoja dunguni anayejua kwamba mtetemeko, jasho jingi na maneno ya kuchanganyikiwa si majini. Kazi hiyo ya kufundisha jamaa inaweza kufanywa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na nyote mnawajua wahudumu hao kwa majina.

Nizungumze pia juu ya mabomba ya sindano, maana kwenye mipango dawa hutajwa na bomba likasahauliwa. Mtu anayejidunga mara mbili kwa siku anahitaji 60 kwa mwezi. Sijaona mtu wa visiwani anayeyapata yote. Hutumia moja mpaka ncha iwe butu na kuuma, mahali palepale pa tumbo kwa sababu pamezoea, mpaka panaota vinundu vinavyozuia dawa kusambaa. Kuna jambo baya zaidi: bomba la insulini lina alama za yuniti 100 kwa mililita, na likikosekana mtu hupewa bomba la kawaida la mililita moja, mzee asiyeona vizuri ahesabu vistari mwenyewe. Kosa la kistari kimoja kikubwa ni yuniti 10. Naomba mabomba yaagizwe pamoja na chupa, yakiwa na alama zinazolingana na nguvu ya dawa. Na sindano zilizotumika zirudi zahanati ndani ya chombo kigumu cha plastiki, ziingie kwenye boksi la usalama, zisitupwe ufukweni ambako watoto hutembea pekupeku wakiokota kombe.

Stripu za kupimia sukari zina shida yake: kila mashine ina stripu zake. Wahisani huleta mashine, stripu huisha, mashine inabaki pambo. Chagueni aina moja kwa wilaya nzima, stripu zake ziagizwe Bohari ya Dawa, na zikikosekana huko zinunuliwe kwa mshitiri kama vitu vingine vinavyonunuliwa. Fedha za vituo siku hizi huingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati, na kamati za usimamizi wa vituo zinazo kauli juu ya matumizi.

Stripu hizo zitaokoa pia watoto ambao bado hawajulikani kuwa wana kisukari. Mtoto anafika anatapika, anahema, amekauka. Anatobolewa kidole kwa kipimo cha malaria. Naomba tone la pili la damu, kutoka kidole hichohicho kilichokwisha kutobolewa, lipimwe sukari. Hakuna kutobolewa mara mbili na haichukui dakika. Bila tone hilo mtoto mwenye ketoasidosi anaweza kutundikiwa dripu ya glukosi, yaani kuongezewa sukari kwenye sukari inayomuua, kisha familia ikazika na kusema ni homa kali au ni mkono wa mtu. Kama ombi langu lote litakataliwa, naomba hili moja lisikataliwe.

Ramadhani inakaribia kila mwaka na kila mwaka hatujiandai. Watu wa delta ni Waislamu kwa wingi, na wapo wanaofunga huku wakijidunga dozi ya kila siku bila kula, au wanaoacha sindano kabisa mpaka futari. Sharia imempa mgonjwa ruhusa. Wapo ambao kwa aina ya pili wanaweza kufunga salama kwa kupangiwa upya dozi, na wapo ambao hawapaswi kufunga. Mwezi wa Shaabani ungetosha kuwakutanisha maimamu wetu na waganga wa zahanati, ili mgonjwa asikie maneno yaleyale msikitini na kliniki.

Halafu mafuriko. Mwaka 2020 maji yalikuja, na mwaka 2024 yakaja tena kwa namna ambayo hamhitaji nieleze; wengi wenu mlitembea ndani yake. Katika mahema na shule zilizopokea watu, ni nani alijua nani anahitaji insulini usiku huo? Orodha ya wagonjwa kwa kijiji ingekuwapo zahanati, yenye jina, dozi na namba ya jirani, mratibu wa maafa angejua pa kuanzia. Chupa zikiwa zahanati na si ndani ya nyumba iliyosombwa, zingekuwapo za kugawa. Na zahanati zilizo hatarini kuzingirwa na maji zingeongezewa akiba mwezi mmoja kabla ya masika.

Mifano ya kufuata ipo hapahapa nchini. Chama cha Kisukari Tanzania kimefanya kazi tangu 1985, na kupitia kliniki zake na washirika wake watoto na vijana wengi hupata insulini bila malipo. Mpango wa nchi za Afrika uitwao PEN-Plus, uliopitishwa na mawaziri wa afya mwaka 2022, unashusha huduma za magonjwa kama kisukari aina ya kwanza hadi hospitali za wilaya. Tanzania ilianza na Karatu na Kondoa, na mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu mpango huo ulifanyika Dar es Salaam Aprili 2024. Karatu na Kondoa hakuna bahari, lakini kuna umbali, na umbali huo umeanza kushughulikiwa. Kibiti iombe kuwa ijayo, na iombe ikiwa na hoja yake ya visiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itawapa watu kadi; kadi ya mtu wa Mbuchi itakuwa na thamani ikiwa kuna chupa mahali anapoweza kufika.

Hatua zenyewe ni hizi ninazoziona. Kamati ya Elimu, Afya na Maji iwaite mratibu wa chanjo na mratibu wa magonjwa yasiyoambukiza wakae meza moja, kwa kuwa mmoja ana majokofu na mwingine ana wagonjwa. Wahudumu wa jamii wahesabu wanaojidunga katika kata za Salale, Maparoni, Kiongoroni, Msala na Mbuchi. Mganga Mkuu aandike kwa Mkoa kuomba idhini ya utunzaji huo, aanze na zahanati mbili, moja ambayo boti hufika kwa urahisi na moja ngumu kufika. Baada ya miezi sita, taarifa ije kwenye Baraza: chupa ngapi zilitunzwa, ngapi ziliharibika, nani alikosa na kwa nini.

Nipo Kibiti mjini. Nikiitwa mbele ya kamati nitakuja na ndugu zangu wawili watatu wanaojidunga, wawaonyeshe wenyewe wanavyofanya.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzaliwa wa delta, mkazi wa Kibiti.